Uwanja Uliokuja Kuomba Hifadhi

Coleta alikuwa kwenye mashine yake ya kufumia, akimalizia mkono wa sweta la shule, mtu alipopiga hodi. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, na upepo wa Sumbawanga ulikuwa ule wa siku zote, unaopenya katikati ya vifungo vya koti. Mgeni aliyesimama mlangoni alikuwa mpana wa mabega, kichwani ameota majani badala ya nywele. Mstari wa chokaa ulimkata kifuani toka bega hadi bega. Magoti yake yalikuwa na vipara, kama pale mbele ya goli panapokanyagwa sana.

Coleta alimnawisha mikono, akampa ugali wa ulezi na samaki, mgebuka wa Kipili. Hakumuuliza shida yake. Kwao mgeni hula kwanza.

"Mimi ndiye uwanja," mgeni akasema aliposhiba.

"Nimekujua kwa chokaa. Wamekufukuza?"

"Nimetoka mwenyewe. Mlinzi wa chuo ameanza kuwauliza watoto wana shughuli gani pale. Tangu niwepo, sijasikia mtu akiulizwa hivyo juu yangu."

Coleta akatazama chini. Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya wakazi, iliyochaguliwa kuhakikisha kwamba chuo kikuu kikipanuka, eneo la wazi linabaki wazi. Siku wageni wa chuo walipokuja, wakiongozwa na Flavian, ofisa mipango, kamati ilikuwa na hoja zake tayari. Ilikuwa pia imepika. Flavian alieleza jengo jipya litakaa wapi huku akimega ugali, na hakuna mtu aliyelelewa vizuri Ufipa anayembishia mgeni mwenye tonge mkononi. Wakasubiri amalize. Alipomaliza alinawa, akashukuru sana, akapanda gari kuwahi kikao Namanyere. Baadaye kamati ikaarifiwa kwamba wananchi hawakuwa na pingamizi.

Tangu hapo Coleta alikuwa akienda ofisini kwa Flavian na swali moja tu: nani alisema tumekubali? Kila mara aliambiwa bosi yuko kikaoni. Safari moja alimwona nyuma ya pazia, viatu vimetokeza chini.

"Ninyi Wafipa mna adabu mpaka mnaibiwa," Shija alimtania. Shija alikuwa Msukuma mfugaji, mwanakamati mwenzake.

"Si ulikuwepo? Mbona wewe hukusema?"

"Ningesemaje, dada? Samaki wenu alikuwa na miba."

Sasa uwanja wenyewe ulikuwa mezani pake, ukiomba mahali pa kujilaza. Coleta akauonyesha uani, penye maharage yaliyokuwa yameanza kutoa maua. Yalikuwa mboga ya nyumba nzima.

"Patakutosha?"

"Nitajikunja. Ila niahidi kitu kimoja. Atakayekuja kukaa juu yangu asiulizwe lolote. Akiulizwa hata mmoja nitanyanyuka, na safari hii sijui nitakwenda wapi."

"Nakuahidi," Coleta akasema.

Uwanja ukajilaza juu ya maharage. Ilipofika jioni, uani palikuwa na magoli yote mawili, kichuguu, na njia ya mkato ya kwendea sokoni. Otilia, jirani, akachungulia juu ya ua.

"Naona umepata uwanja."

"Nimeupata. Karibuni."

"Watakanyaga nguo zangu nilizoanika?"

"Watakanyaga."

"Basi ngoja nihamishe kamba."

Shida ilikuwa choo. Kutoka jikoni sasa kulikuwa mbali, na Adolfu, mumewe Coleta, akawa anabeba mwavuli kila akienda, asije akanyeshewa njiani. "Choo hiki kimehamia Kaengesa?" aliuliza siku ya kwanza. Hakuuliza tena. Watoto walirudi na mpira wao, kwaya ikarudi na mazoezi yake, wanawake wakaanika ulezi, ng'ombe wa Shija wakapita wakijilia. Maharage hayakuonekana tena.

Huko chuoni, mahali ulipokuwa uwanja hapakubaki kitu, hata shimo. Mhandisi alipatazama, akasema ni vizuri, kazi ya kusawazisha imepungua. Jengo likapanda haraka. Kamati ikaandika barua kuuliza jengo limesimama juu ya nini, ikajibiwa kwa kadi ya mwaliko wa uzinduzi. Juu ya mlango waliandika Kituo cha Ushirikishwaji wa Jamii, wakaweka geti na mlinzi.

Baada ya uzinduzi, wanafunzi walikosa pa kukaa, wakaanza kuja kwa Coleta. Wakafuata wahadhiri. Kisha, mchana mmoja, akaja Flavian na chakula chake kwenye bakuli la mfuniko. Akavua viatu, akaketi karibu na mstari wa kati.

Coleta akainuka. Swali alikuwa nalo mdomoni, amelifanyia mazoezi kwa Kiswahili na kwa Kifipa.

"Muulize, dada," Shija akanong'ona. "Leo hana pa kujificha."

Coleta akaenda. Alipomkaribia Flavian, ukingo wa majani upande wa goli ukanyanyuka kidogo, kama mtu aliyelala anayeinua kichwa akisikia kelele. Golikipa akajikuta ameinama upande. Akaushika mpira, akaubana kwapani, na watoto wengine wakasimama walipo, wakimtazama Coleta.

Flavian aliacha kutafuna.

"Shikamoo, mama."

Coleta alisikia swali likigonga nyuma ya meno yake.

"Marahaba," akasema. "Karibu."

Ukingo wa majani ukajilaza. Mpira ukapigwa. Flavian akashusha pumzi, akaonja tena chakula chake, akakunja uso.

"Samahani, mama, mna chumvi?"

Coleta akaenda kuileta, akamshikia kikopo mpaka alipotia ya kumtosha.