Utando Juu ya Kidonda

Niliushika mguu wa mama kwa mikono miwili, huku nikimwomba Mungu mama aumie. Naam, mama yangu mzazi. Germano, muuguzi wa kituo chetu cha afya hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, alikuwa anakikwangua kidonda kwa kijisu, na mama ametulia anatazama dirishani utadhani anasukwa nywele.

"Unasikia maumivu, mama?" Germano aliuliza.

"Sisikii kitu, mwanangu. Endelea tu."

Alijibu kwa fahari, masikini. Germano alikuwa ameninong'oneza mlangoni kwamba nyama isiyouma imekufa, na ikiwa imekufa mpaka chini, mama atapelekwa Pemba, kwenye hospitali kubwa ya mkoa wetu, akakatwe mguu.

Na yote yalianza kwa kitu kidogo! Mama alikwenda kuchokoa pweza maji yalipokupwa, akateleza, tumbawe likamchana muundi. Tukafanya kama wafanyavyo wote kwetu: tukanunua vidonge vya rangi mbili sokoni, vingine akameza, vingine tukavipasua na kumwaga unga kidondani. Usaha ukikauka anaacha, vilivyobaki anampa jirani anayekohoa. Ukirudi, tunanunua tena. Miezi ikaenda hivyo, mpaka ukatokea utando laini, unang'aa kama uji uliopoa. Furaha iliyoje! Shangazi Saquina akapiga kigelegele, akasema hiyo ni ngozi, kidonda kinafunga. Tukaulinda utando ule kama mboni ya jicho, hata maji yasiuguse. Harufu tuliifukizia udi, na hakuna aliyethubutu kuitaja.

Germano alipouona hakushangilia.

"Hii si ngozi. Ni wadudu, wamejijengea nyumba wakajifungia ndani. Dawa ikija inaishia mlangoni. Na kwa kuwaonjesha dawa kidogo kidogo, wamekuwa sugu. Vidonge vile hawaviogopi tena."

Kumbe tulikuwa tunawafuga.

Basi kijisu kikaenda, kikaenda. Utando ukatoka vipande vipande, chini yake kijivu, na chini ya kijivu, kijivu tena. Mama kimya. Germano akaacha kunitazama usoni, na hapo ndipo nilipoogopa hasa. Waasi walipouvamia mji huu tuliukimbia kwa miguu, mama mbele, mimi nyuma, milio ya bunduki ikitufuata. Wale watu wakirudi, mama atakimbiaje? Nitambeba mpaka wapi?

"Mwanaharamu we! Unaniua!"

Mama huyo! Mwalimu wa Kurani, ambaye hata mbuzi aliyemlia mboga hajawahi kumtukana. Alirusha teke, trei ikaanguka, na kidondani damu ikachuruzika, nyekundu kabisa. Germano akacheka mpaka akakaa chini.

"Nitukane tena, mama. Nitukane!"

Nililia kwa sauti, wala sikuona haya.

Furaha yenyewe haikukaa. Tuliporudi kufunguliwa bandeji, utando ulikuwa umeanza tena, mwembamba, unateleza. Germano akasema ndivyo ulivyo, itabidi aukwangue kila mara, ili dawa nyingine iliyoletwa kutoka Pemba ipate pa kupenya. Mara ngapi, hakujua. Mama alikitazama kijisu; safari hii alijua kitauma.

Nikanyoosha mikono nimshike mguu. Akaisukuma. Akakunja upindo wa kapulana yake, kitambaa alichojifunga kiunoni, akauuma, kisha akauweka mguu mwenyewe mapajani mwa Germano.