Macho ya Noé

Negativi ilikuwa moja tu, pana kama kiganja, na Maman Berthe aliitoa Bukavu ndani ya Biblia. Picha yenyewe ilibaki ukutani siku walipokimbia. Katika kile kipande cha filamu alikuwamo Noé, kifungua mimba wake, aliyekufa kwa homa kabla Jémima hajazaliwa. Sasa Maman Berthe alikuwa akingoja upasuaji wa moyo kule Woluwe, Brussels, na alimwomba Jémima, binti yake, kitu kimoja: amchapie picha hiyo upya, ili yeye mama aingie hospitali na uso wa mtoto wake mkononi.

Jémima alikuwa mtu wa maabara, mwenye kuamini vipimo kuliko machozi. Siku za mapumziko alichapa picha kwa njia ya kale katika nyumba yake ya Etterbeek. Karatasi aliilowesha maji ya chumvi, akaipaka nitrati ya fedha bafuni gizani, kisha akaibana na negativi chini ya kioo cha fremu na kuianika balkoni. Jua ndilo linalochora, na jua la Brussels halina haraka. Negativi inapopitisha mwanga, karatasi huwa nyeusi; inapouzuia, hubaki nyeupe.

Kabla ya kuchapa aliisafisha negativi ya Noé. Upande mmoja ulikuwa na utando wa manjano na uchafu wa kijivu, hasa usoni. Akachukua pamba yenye spiriti, akapanguza mpaka pamba ikaacha kuchafuka.

Alipofungua fremu, shati la mtoto lilikuwa limetoka vizuri, hata vifungo. Uso nao ulitoka. Lakini macho yalikuwa yamefumbwa, na juu ya kila kope palikuwa na doa jeusi la mviringo, kama tundu la msumari.

Akachukua lenzi. Penye madoa, filamu ilikuwa imekwanguliwa kwa ncha ya wembe. Akaitazama pamba. Ule haukuwa uchafu, ilikuwa penseli. Mpiga picha alizipaka kope penseli ili zitoke nyeupe, akakwangua katikati ili mboni zitoke nyeusi. Alimchorea mtoto macho. Na mtoto aliyelala hakai wima hivyo, mto umekazwa nyuma ya shingo.

“Bon, ametoka?” Maman Berthe aliuliza kutoka jikoni. “Ao ungali unamufua? Wewe, hata viazi unasuguaka mpaka vinalia!”

Penseli ilikuwapo mezani. Angeweza kunyamaza na kuchora upya. Lakini macho yale hakuwahi kuyaona. Angechora ya nani?

“Maman, nimeharibu,” alisema, akampelekea karatasi. “Nimemupanguza macho.”

Maman Berthe aliipokea, akaigeuzia dirishani.

“Alors, umeona.”

“Alikuwa ameshakufa?”

“Tangu asubuyi. Papa yako alikuwa Kalemie kwa kazi. Nilijua atafika tumeshazika. Njo nikamuambia papa Radjabu wa studio: mufungue macho, papa yake akute anamuangalia.”

“Na papa hakujua?”

“Alikuwa anaisalimia ile picha kila jioni, mpaka alikufa. Ungemuambia, wewe?”

Jémima alivuta kiti, akaketi karibu na mama yake.

“Naweza kuyachora tena, maman. Uniambie tu yalikuwa namna gani.”

“Yalikuwa…” Maman Berthe alianza, akasita. Akafumba macho yake mwenyewe, akatafuta. “Yalikuwa…” Akayafumbua. “Ninaona ya papa Radjabu tu. Ya ile picha. Ya mutoto, donc, yameenda.”

Chini, barabarani, watu walikuwa wakitoka kazini, wakicheka kwa lugha tatu.

“Mufunge,” akasema.

“Maman?”

“Si una penseli? Walimufunga macho mara ya kwanza, mimi nikamufungua kwa nguvu. Mufunge, mwana wangu. Taratibu.”

Jémima aliiweka negativi juu ya kioo chenye taa chini yake, akachonga penseli mpaka ncha ikawa kama sindano. Alijaza mikwaruzo ya wembe nukta kwa nukta, akipima wingi wa kijivu dhidi ya kope iliyoizunguka. Nyuma yake Maman Berthe alisimama, ameshika egemeo la kiti, akisema Baba Yetu kwa sauti ya matanga, na aliporudi mwanzo wa sala kope ya pili ilikuwa imefungika.