Pini Mdomoni

Nilianza kwenda darasa la wazazi binti yangu akiwa ameshanihama. Ndivyo tulivyo wengi pale: tunakumbuka shuka kumekucha.

Kosa langu halikuwa kofi wala njaa. Mtoto aliniambia, kwa sauti ya chini, kwamba huwa anaipiga namba ya marehemu baba yake ingawa anajua haipatikani. Mimi ni fundi cherehani. Kibandani kwangu maneno huingia na vitambaa, hutoka na nguo. Kesho yake niliwasimulia wateja. Nikaigiza hata marehemu alivyokuwa akiitika simu, "Haloo, nani mwenzangu," wakacheka mpaka wakashika mbavu. Sikujua kwamba yuko nyuma ya pazia, ameniletea chakula cha mchana. Jioni ile alihamia kwa shangazi yake.

Darasa hufanyika Jumamosi kwenye chumba cha chekechea. Watu wazima tunakalia viti vya watoto, magoti yakigusa kidevu. Mkunga mstaafu anayetufundisha alitupanga wawiliwawili: mmoja awe mtoto, aseme; mwenzake asikilize, asijibu mpaka amalize. Niliangukia kwa mwashi mmoja tunayemwita Zege, ambaye yeye na mwanawe wanaishi nyumba moja na hawasalimiani. Akajifanya binti yangu.

"Mama, siku ile..."

"Siku ile nilikuwa natania tu."

"Sijamaliza, mama."

"Haya, maliza. Lakini ujue nilikuwa natania."

Wenzetu wakaangua kicheko. Zege hakucheka. "Fundi, ukiwa na pini mdomoni huwa unaongea?"

"Niongee nizimeze?"

"Basi siku binti akija, ziweke mdomoni."

"Na wewe utaweka nini? Tofali?"

"Mdomo wangu tofali tayari. Ndiyo shida yangu."

Binti yangu alikuja baada ya miezi saba, katumwa na shangazi yake kujaribu gauni la mahafali. Nilikuwa nimelikata bila kumpima. Mtoto nimemzaa mwenyewe, nipime nini? Zipu haikufunga. Mabega yalikuwa yametanuka nami sikuwapo. Nikafumua mishono ya ubavuni, nikatia pini sita mdomoni, nikapiga magoti.

Kimya changu kilimshangaza. Akakijaza mwenyewe.

"Mama, siku ile nilisikia kila kitu."

Nikabana kitambaa.

"Ulimwigiza baba anavyoitika. Mimi hicho ndicho nilichokuwa natafuta kwenye simu, ile sauti. Sasa nikiikumbuka, nasikia watu wanacheka."

Majibu yote yalinipanda kooni: kwamba nami nilifiwa, kwamba nilicheka ili nisilie, kwamba nani alimlea. Yakakuta pini. Moja ikanichoma ulimi, nikameza damu na mate.

"Sirudi, mama. Kwa shangazi naweza kulia bila kuulizwa nalia nini. Nitakuja kukusalimia. Kulala, hapana."

Nilisubiri kama ana zaidi. Pini mbili zilizobaki nikazitemea kiganjani.

"Nimekusikia," nikasema. "Nilikukosea, mwanangu. Na baba yako nilimkosea."

Alinitazama, akingoja ile "lakini" yangu. Haikuja.

"Gauni lini?"

"Ijumaa."

"Asante, mama."

Akabadili nguo, akaondoka. Nilisikiliza hatua zake mpaka zikachanganyika na za watu wengine barabarani. Nilitaka kumkimbilia; nikaliokota gauni.

Pazia halijatulia, jirani yangu muuza vitambaa, yule aliyecheka kuliko wote siku ile, akachungulia.

"Nimemwona binti, shoga. Kasema nini? Anarudi?"

Nikazirudisha zile pini mdomoni, nikalivuta gauni kwenye mwanga.