Tone la Miezi Minne

Hii chupa ya dawa ya macho ilifunguliwa lini? Niliuliza jana tukila, mama akaniongezea maharage kana kwamba njaa ndiyo iliyonisemesha, na sasa baba amekaa kwenye kigoda mlangoni, hapa kambi ya askari Kasese, kichwa nyuma, mama ameshika chupa ile ile juu ya jicho lake, ananiambia Apio, shika taulo, nami nashika taulo… vumbi tu, walisema, na kweli siku mbili wekundu ukaisha, basi ikawa kila asubuhi likiwasha ni tone, tangu mwezi wa pili hadi huu wa sita, katikati Mama Clare, jirani, akaiazima kwa sikio la mwanawe linalotoa usaha, akairudisha na asante nyingi, ncha iliyogusa usaha ikaja jichoni, maana kambini dawa inazunguka kama chumvi… “Wewe nasoma sheria, wewe hapana daktari,” ndivyo afande Omara, baba yangu mzazi, alivyonikata mbele ya wageni, wakacheka, sawa afande, lakini mbona unagonga vikombe vilivyo pembeni, mbona unasema taa ina duara la rangi, jibu hoja, chuoni ningekuwa nimeshapigiwa makofi… “Weka, Mama Apio, hii macho inawasha,” anasema, na mimi yule muuza dawa wa mjini Bwera nitamwanika, aliiuza chupa hii bila kuuliza hata swali moja, alimuuzia nani… alimuuzia msichana mwenye begi la chuo, aliyesoma boksi kwa sauti pale kaunta, ya macho na masikio, akajiona msomi, akaondoka bila kufungua karatasi ya ndani, mimi, karatasi nimeifungua leo, bado ina mikunjo ya kiwandani, inasema humo mna antibiotiki pamoja na steroidi ya kutuliza uvimbe, ni ya siku chache, ikiendelea bila kupimwa presha ya jicho inaweza kupanda kimyakimya, uoni ukaharibika usirudi, na usiazimane, na chupa ikishafunguliwa ina mwisho wake… kusoma ndiyo kazi yangu na sikusoma, haya, kosa ni langu, lakini nani kasema mwenye kosa anyamaze, niliileta mimi, nitaizuia mimi, wacheke tena, tone limevimba kwenye ncha, baba hapepesi, naweka kiganja changu juu ya jicho lake.

“Baba, vaa viatu, tubebe hiyo chupa, twende daktari wa macho akupime leo.”