Mke Wangu Hakualikwa Kuosha Sahani

Watu wa Ponorogo, mji wetu kisiwani Java, wananiita mkono wa birika, na sijawahi kukasirika. Mimi, Tukiran, natengeneza tempe, mikate ya soya inayovundikwa kwenye majani ya mgomba, na kazi hiyo haimtajirishi mtu. Inampa paa na inamsomeshea mtoto, basi. Kwa hiyo mkiniona nazima taa ya kibarazani kabla mgeni hajafika hata njiani, jueni nazima kwa sababu, na mgeni ana macho.

Lakini kuna neno moja lilinikasirisha hasa, na lilisemwa mbele ya meza yangu sokoni. Mke wangu, Ngatini, alikuwa amepata mwaliko kutoka Singapuri. Huko aliwahi kufanya kazi za ndani kwa miaka tisa, kwa familia ya Goh, Wachina wa kule. Binti yao Hui Shan, mke wangu alimpokea akiwa bado anavaa nepi, akamwacha anasuka nywele zake mwenyewe. Mwanetu Wahyu, miaka hiyo, tulimlea mimi na mama yangu. Sasa Hui Shan alikuwa anaolewa, na alimtaka mke wangu harusini.

Ngatini alifurahi mpaka akamwambia kila aliyekuja kununua. Ndipo Bi Samirah muuza nazi, mwanamke ambaye Mungu alimnyima meno mawili ya mbele ili maneno yapate pa kutokea, aliposema kwa sauti ya kumfikia hata kiziwi: "Harusi za matajiri zina sahani nyingi. Wameona heri wamwite anayejua makabati yalipo."

Watu wakacheka. Mke wangu akainama, akajitia anafunga majani. Damu ilinichemka. Nikamwambia Bi Samirah kwamba mke wangu atakaa kitini na atahudumiwa yeye, na wasipomkalisha nitamshika mkono tutoke kwenye nyumba ile hata kama bwana harusi ndiyo kwanza anaingia. Nilisema mbele ya soko zima, na neno likishatoka mdomoni halirudi.

Baadaye Hui Shan alipiga simu. Wazazi wake, alisema, watatulipia nauli na hoteli. Ngatini alinitazama, maana anajua kwa mumewe kitu cha bure ni kitamu kushinda asali. Nikakataa. Mwenyewe nilijishangaa. Nikamweleza mke wangu kwamba wakitulipia tutakwenda kama watu walioitwa kazini, ila tukijilipia tutakwenda kama watu walioalikwa.

"Singapuri unaijua, Baba Wahyu?" akasema. "Kule hata kukaa kunalipiwa."

Nikamwambia tutasimama.

Basi tukajikuna pale tulipofikia. Tulipanda basi mpaka Surabaya, tukachukua ndege ya bei ya kutupa mpaka kisiwa cha Batam, kisha tukavuka kwa feri. Begi langu lilikuwa na shati moja la batiki, sufuria ya umeme ya kupikia wali, mchele, pilipili ya kusaga, na tempe ya kukaanga ya kutosha kulisha kijiji. Afisa wa forodha alilifungua, akaitazama ile sufuria, akanitazama mimi, akalifunga polepole. Nadhani alimkumbuka baba yake.

Tulilala kwenye nyumba ya vitanda vya ghorofa, mtaa wa Wahindi, wanaume juu na wanawake chini. Mimi na mke niliyezeeka naye tulikuwa tunaagana ngazini kila jioni kama wachumba. Wali nilipika sebuleni kwao. Mwanamke wa mapokezi alikuja amenuna kuuliza nini kinanukia, akaondoka na bakuli lake limejaa, na kesho yake hakuuliza tena. Maji tulikunywa ya bomba, ambayo kule ni safi. Nilikunywa mengi, maana ndicho kitu pekee katika mji ule ambacho hakikunitisha.

Aliyeniongoza ni mke wangu. Nyumbani mwenye amri ni mimi, angalau mbele za watu. Kule nilikuwa kuku mgeni mwenye kamba mguuni, na mwenye kamba ni yeye. Alishuka kwenye treni za chini ya ardhi kama anayeingia jikoni kwake. Alibonyeza mashine, akasoma vibao, akamjibu mzee mmoja wa Kichina kwa Kichina chake cha sokoni mpaka mzee akacheka na kumpisha mbele ya foleni. Mimi nilikuwa nyuma na begi, kifua mbele. Nilikuwa natamani mtu aniulize huyu mama ni nani, nimjibu. Hakuna aliyeuliza, watu wa kule wana haraka.

Jioni tulikula kando ya maji, tumekaa ukutani, tukitazamana na lile hoteli lenye umbo la merikebu juu ya paa. Mke wangu aliniambia watu wanavyolipishwa kulala mle. Nikamwambia wao wanalipa ili waione bahari, na sisi tunaiona bahari, hoteli yao, na wao wenyewe juu yake, sasa mjinga nani? Alicheka mpaka pilipili ikampalia.

Alipotulia akaupapasa ukuta tuliokalia. Akasema kwenye ukuta ule ule alikuwa akimleta Hui Shan Jumapili, amemfunga kamba ya kiatu, wanagawana muhindi mmoja. "Alikuwa ananiita Dada," akasema. "Watoto wote wa huku ndivyo wanavyowaita wafanyakazi. Kesho mbele ya wakwe zake sijui ataniita nani."

Nilimwambia kwamba akiitwa visivyo tutaondoka. Nilijua ninachokitaka mimi, heshima ya mke wangu niirudishe sokoni kichwa juu, lakini usiku ule nilianza kuhisi kwamba anachokitaka yeye ni kikubwa zaidi, na kwamba mimi sina uwezo wa kumpa.

Nyumba ya Goh iko juu sana, lifti inapanda mpaka masikio yanaziba. Mlangoni palibandikwa karatasi nyekundu. Mama yake Hui Shan alitupokea kwa mikono miwili. Ni mwanamke mwembamba, mvi zimemjaa, na anazungumza Kimalei cha kueleweka vizuri. Alifungua mfuko wetu wa tempe hapo hapo, akala kipande amesimama. Nikasema moyoni, tumeanza vyema. Nikakalishwa kwenye sofa na kibakuli cha karanga, kati ya wajomba waliovaa suti, mimi na batiki yangu. Nikageuka nimwonyeshe mke wangu nafasi ya kukaa, na mke wangu hayupo.

Nilimkuta jikoni. Amevaa aproni juu ya kebaya, blauzi ya sherehe ya kwetu, aliyoishonesha kwa ajili ya siku ile, anakoroga sufuria kwa mkono mmoja na kufungua kabati kwa mwingine. Na kabati alilijua lilipo. Maneno ya Bi Samirah yakanijia yote, pamoja na lile pengo la meno. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yetu ilikuwa ya tatu, na wala hakungoja apewe.

"Vua hiyo aproni," nikasema kwa Kijava, kwa sauti ya chini ya mtu anayetaka kupiga kelele. "Tunaondoka."

Hakugeuka. "Chukua taulo ukaushe hayo mabakuli."

"Niliapa mbele ya soko zima, Mama Wahyu."

"Uliapa wewe. Mimi sikuapa." Alizima jiko ndipo akanitazama, na uso wake ulikuwa umenikasirikia kweli. "Tulipomwoza Wahyu, mimi nilikuwa wapi?"

"Jikoni."

"Na mama yako?"

"Jikoni."

"Mama gani wa kwetu umemwona siku ya harusi ya mwanawe kakaa sebuleni anatafuna karanga? Wanaokaa ni wageni. Mimi sikuvuka bahari kuja kuwa mgeni."

Mimi, ambaye nabishana na soya ikichelewa kuvunda, nilitii. Nikachukua taulo, nikakausha mabakuli. Na nasema wazi, niliona fahari kuwa mume wa mwanamke yule kuliko siku zote za ndoa yetu. Ila kulikuwa na jambo limenikaa kooni. Mimi na yeye tulijua ni mama aliye jikoni. Kule sebuleni wao waliona mfanyakazi karudi kazini, na safari hii kaja na mumewe.

Kisha ikaanza chai. Kwa Wachina wa kule, harusi ni pale bibi na bwana harusi wanapopiga magoti mbele ya wakubwa wa ukoo, mmoja mmoja kwa cheo chake, wanampa kikombe na kumwita kwa jina la undugu. Shangazi anaitwa shangazi, mjomba mkubwa anaitwa mjomba mkubwa. Asiye na jina haitwi. Anayekunywa anampa bibi harusi kitu, bahasha nyekundu au dhahabu, na kumbariki. Tulitazama tumesimama mlangoni mwa jikoni. Walianza na bibi mzaa baba, wakaja wazazi, wakaja wajomba waliokuwa jirani zangu wa sofa, wakaja mashangazi. Hui Shan alikuwa kavaa nyekundu yenye nyuzi za dhahabu, na mke wangu alikuwa anatikisa midomo kila binti akipiga magoti, sijui dua, sijui anamhesabia kama zamani.

Shangazi wa mwisho akainuka. Mpiga picha akaanza kufunga vifaa vyake, na mama mmoja wa upande wa bwana harusi akavishika vile viti viwili walivyokalia wakubwa avirudishe mezani.

"Supu itakauka," akasema mke wangu, akarudi ndani. Niliuona mgongo wake. Niliumia, jamani, na sikuwa na mtu wa kumgombeza.

"Viti viache," ilikuwa sauti ya Hui Shan.

Yule mama akauliza bado nani, maana ukoo umekwisha. Hui Shan alikusanya gauni lake akaja mpaka jikoni, akapita mbele yangu, akasimama nyuma ya mke wangu kwenye sinki na kuifungua aproni mwenyewe. Ngatini akasema mikono ina sabuni. Binti akaifuta mikono ile kwa ile nguo nyekundu ya harusi, akamvuta. Mimi nilibaki nimesimama na taulo begani mpaka bwana harusi, kijana mwenye adabu kweli, aliponiinamia na kunionyesha kiti cha pili.

Tukakaa. Mke wangu kavua kandambili, mikono magotini. Hui Shan akapiga magoti na mumewe ubavuni, akainua kikombe kwa mikono miwili. Bwana harusi akamtazama mkewe, maana hata yeye alikuwa hajui huyu anaitwa nani. Nami nilikuwa nangoja neno lile la "Dada", nikijiuliza nikilisikia nitainuka au nitakaa.

"Mama mdogo," akasema Hui Shan, kwa Kijava chetu, kwa lafudhi ya Ponorogo kabisa, "karibu chai."

Akanigeukia mimi. "Baba mdogo, karibu chai."

Bwana harusi akarudia maneno yale yale kwa taabu, ulimi unamteleza, lakini akayasema yote. Nilimtazama mama mzazi, aliyekuwa amesimama nyuma ya binti yake. Angeweza kununa. Aliitikia kwa kichwa, akamgeukia yule mama wa viti na kumwambia kwa Kimalei, ili na sisi tusikie: "Ndugu yangu huyo, ametoka mbali."

Ngatini alikunywa. Nami nilikunywa. Chai yenyewe ni ya tende, tamu kupita kiasi, na niliinywa mpaka tone la mwisho, na si kwa ubahili. Kifua kilinijaa hata nikaona vifungo vya batiki havitashika. Mke wangu kakaa kitini katika mji wa watu, kapigiwa magoti, kaitwa kwa jina la damu.

Halafu nikakumbuka. Kila aliyekunywa alitoa. Wale wawili bado wapo magotini, na macho ya sebule nzima yamehamia mikononi mwetu, mikono mitupu. Hatukujiandaa. Nani angejua?

Mke wangu akapeleka mkono sikioni. Hereni zile alizinunua kwa mshahara wake wa kwanza wa Singapuri, dhahabu ya kweli, na hajawahi kulala bila ya kuzivaa. Mwaka ule upepo ulipobeba paa la kibanda cha tempe nilimsihi aziuze, akakataa, akasema bora tulowe. Akaivua moja, akaiweka kwenye kiganja cha Hui Shan. Mkono ukaenda kwenye ile nyingine, ukasita. Akanitazama kwa pembe ya jicho, kama anavyonitazama akitaka kuongeza mafuta kwenye kikaango. Alidhani napiga hesabu. Na kweli nilikuwa napiga hesabu, sitawadanganya.

"Toa na hiyo ya pili, Mama Wahyu," nikasema kwa Kimalei, kwa sauti ya kufika mpaka viti vya nyuma. "Mtoto wetu ana masikio mawili."