Nyundo Tatu za Marehemu

Tangu mwanangu afariki, mashine yake ya kusaga ilikuwa inatetemesha nyumba nzima. Vikombe vilitembea mezani vyenyewe. Wateja wakaanza kunong'ona kwamba marehemu hajaondoka. Mkwe wangu, mjane wake, hakuwakatalia. Mashine ikinguruma, aliegemea ukuta na kufumba macho kama mtu anayepokea salamu.

Mimi niliona ufa ukutani. Ulianza mwembamba kama uzi, sasa kidole kinaingia, na chini yake ndipo wanawake huketi na watoto wakisubiri unga. Nikamwita fundi.

Fundi alivua viatu mlangoni, ingawa sakafu yetu ni unga mtupu. Akaifungua mashine, akautoa mhimili wenye nyundo nne zinazoponda nafaka, akaulaza juu ya vyuma viwili vilivyonyooka. Ukabingirika polepole, ukasimama. Akausukuma tena. Ukarudi palepale, nyundo ileile chini.

"Ni yeye anaugeuza," mkwe wangu akasema.

"Ni uzito, dada. Upande mzito hushuka wenyewe. Nani kaweka nyundo mpya moja peke yake?"

"Mimi. Ya zamani ilivunjika baada ya mazishi."

"Na hizi tatu zilizolika? Nyundo hubadilishwa zote, au angalau mbili zinazotazamana."

"Hizo alizifunga kwa mkono wake. Hazitoki."

"Ukuta utaangukia watu."

"Basi nitoe mimi kwanza."

Nikaingilia: "Mwanangu yule niliyekuwa nikimmwagia maji ndiyo aamke? Leo atikise nyumba tangu saa moja asubuhi?"

Mkwe wangu akacheka, machozi yakamtoka. Lakini hakusogea.

Fundi hakubishana. Akaifungua ile mpya, akachukua tupa, akaanza kuipunguza. Anakata, anapima mizanini na kuukuu inayoitazama, anakata tena. Alasiri yote aliharibu chuma kizima kwa ajili ya moyo wa mtu, wala hakuguna.

Alipowasha, maji kikombeni yalitulia kama kioo. Mkwe wangu akaegemea ukuta, akangoja.

"Ameondoka," akasema.

Fundi akazima. Mashine ikapunguza mwendo, na kabla haijasimama ukuta ukatetemeka mara moja, kama mtu aliyeshtuka usingizini. Kisha kimya.

"Kila mashine ina mwendo wake ambao ikiupitia hutikisika," fundi akasema. "Kidogo hivyo hakidhuru."

Nikamsindikiza hadi mlangoni. "Na hicho kidogo," nikamnong'oneza, "huwezi kukiondoa?"

"Naweza kukipunguza, mama." Akavaa viatu. "Lakini hajaniomba."

Ufa tumeuziba. Kila siku mashine ikizimwa, mkwe wangu huwahi kuweka kiganja ukutani. Mwanzoni nilitoka nje nisione. Siku hizi naweka changu kando ya chake, nangoja. Mimi ndivyo nilivyomjua mwanangu mara ya kwanza, kwa kiganja, kabla hajazaliwa.