Mita Mia Nne

Siku Teruo alipoacha kurudi nyumbani, mkewe Fumie alikuwa uani akianua figili alizozianika. Ndege ilikuwa mazoezini juu ya ghuba, ikipiga mbizi kulenga chelezo, nayo haikuinuka tena. Rubani Hisamatsu hakuonekana, wala Teruo aliyeketi nyuma yake.

Kazi ya Teruo ilikuwa kutazama sindano ya kipimakimo na kuita namba kwenye mrija wa kusemea, ili rubani asibandue jicho kwenye shabaha. Akiita mita mia nne, rubani huachia bomu na kuinua ndege. Luteni Sakuma wa kikosi chao alikuja mlangoni, akavua kofia, akaeleza kwa upole kwamba Teruo alichelewa kuita. Kuanzia jioni hiyo mama yake rubani, jirani wa nyumba ya tatu, akawa anafunga dirisha kila Fumie apitapo.

Kwa kuwa mwili haukupatikana, Bi Kiyo, mama yake Teruo, alikataa kupeleka bakuli la mwanawe kwenye madhabahu ya wafu. Aliendelea kumwandalia sinia ya msafiri, kama ifanyavyo kila nyumba yenye mtu aliye mbali. Haukupita muda, Teruo akaja kula.

Alikuwa amezama kwenye mkeka hadi kifuani. Fumie aliondoa meza, akamwekea bakuli chini.

"Kaa juu kama watu, mwanangu," Bi Kiyo alimwambia.

"Bado sijafika sakafuni, Mama."

"Hujafika? Mkeka umekufika kwapani."

"Sindano haisemi hivyo."

Alikula wali wa viazi vitamu, akalalamika kwamba figili zimezidi chumvi, akaenda zake. Kesho yake akarudi. Fumie alisubiri ashibe, ndipo akamuuliza kama alichelewa.

"Niliita sindano ilipogusa mia nne," Teruo alisema. "Bahari ndiyo iliyowahi."

Fumie akamwalika Luteni chakula cha jioni. Alitaka jambo moja tu kwake: aende nyumba ya tatu aseme kwamba Teruo hakuchelewa.

Luteni alikuja. Teruo alimpigia saluti kutoka sakafuni. Luteni akaijibu, akapiga magoti, akapapasa mkeka pale ulipokutana na koti la Teruo. Alikiri kwamba mafundi wanalijua jambo hilo. Ndege ikipiga mbizi, sindano hubaki nyuma yake, ikionyesha kimo ambacho ndege imekwisha kukipita. Mbizi ikiwa kali zaidi, sindano huachwa mbali zaidi.

"Basi pandisheni kimo, Afande," Fumie alisema.

"Tukipandisha, mabomu yatakosa meli."

"Basi lisafisheni jina la mume wangu."

Luteni alizungusha kikombe cha chai mikononi. Alisema taarifa imekwisha pigwa mhuri, na tena wanafunzi wa urubani wakisikia kwamba sindano hudanganya, hawatapiga mbizi. Kisha akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka, akawa karibu sana na uso wa Teruo.

"Ulikuwa mwitaji hodari," alisema.

"Asante, Afande. Kunywa supu, inapoa."

Luteni akanywa. Nyumba ya tatu hakwenda.

Majira ya machipuko mama yake rubani alikuja kwenye mlango wa jikoni. Alisimama akiangalia kuni.

"Wako unamwekea wapi?"

"Chini kabisa, Mama. Mbele ya kifua."

"Wangu amezama mpaka kidevuni. Hafikii ukingo wa bakuli."

"Yeye alikaa mbele," Fumie alisema.

Alimpa kisahani chake kipana, kile cha samaki. Mama yule alikipokea kwa mikono miwili. Habari ya kuchelewa hawakuitaja, ila siku zilizofuata dirisha la nyumba ya tatu lilibaki wazi.

Wanafunzi wapya wamefika, nao wanaachia mabomu kwa mita mia nne. Mtaani kwetu, jua likizama, wanawake hutembea chumbani wakiburura miguu, wasije wakamkanyaga mtu.